Siku Tulipofua Blanketi la Msitu

Wenzangu mnaobaki darasani,

Siku mliyoniaga mlinipa kiti cha plastiki chenye mikono, mkasema ni cha mtu aliyesimama maisha yake yote. Nashukuru. Nimekikalia tangu siku ile, na nimegundua kwamba mtu aliyezoea kusimama akiketi sana huanza kuandika. Katika hotuba zenu mlisema nimelea wataalamu wa ardhi na nimeleta sayansi hapa mjini Baraka. Mke wangu, aliyeketi nyuma, alikohoa. Yeye anajua nilichokileta: mlango mmoja wa stoo ya shule, ambao mpaka leo sijaurudisha. Basi nawaandikia habari za mlango huo kabla hotuba zenu hazijakauka zikawa historia.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikunisumbua, na mshahara mnaujua wenyewe. Hauhitaji mtu wa kuusimulia.

Nilianza kazi Fizi-Centre, kule juu milimani, ambako asubuhi ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Nilikuwa nimesomea biolojia, lakini mwalimu wa jiografia alikuwa amehamia Uvira, na prefe, yaani mkuu wa shule, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni akasema, "We uko mukubwa wa mwili. Dunia utaiweza." Ndivyo nilivyopewa jiografia.

Siku ya kwanza niliingia na koti la kuazima na Kifaransa cha juu sana. Nilieleza safari ya maji, mvuke, mawingu, mvua na mto, kwa pumzi moja, nikiogopa kwamba nikinyamaza mtu atauliza swali. Hakuna aliyeuliza. Waliandika tu. Nilipokusanya madaftari nilikuta wameandika mpaka kikohozi changu: "hum, hum". Mmoja alikuwa amekipigia mstari, kwa sababu nilikohoa mara mbili, na jambo likirudiwa na mwalimu ni la mtihani.

Aliyeniokoa ni Mzee Lubunga, mwalimu wa fizikia, mtu mwembamba aliyekula karanga moja moja kana kwamba kila moja ina jina lake. Alinisikiliza kupitia dirishani siku kadhaa, kisha akaniambia, "Kijana, unafundisha maji, na darasa yako iko kavu."

"Nifanye nini, mzee?"

"Lowesha batoto. Kile mutoto anaandika, anakisahauka. Kile kilimulowesha, hapana."

Akaniazima mpira wa waashi, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Mnaujaza maji, mwanafunzi mmoja anashika ncha hii, mwingine anaenda mbali na ncha ile, na maji yanasimama usawa uleule pande zote mbili hata kilima kikiwa katikati. Kwa mpira huo unaweza kujua kama mlango wa kanisa uko juu ya mlango wa soko, na hakuna padri wala mchungaji atakayebisha. Ninyi mtakaoutumia, toeni povu lote kwanza. Povu moja ndani ya mpira linadanganya kuliko muuza nguo kuukuu. Na msivute maji kwa mdomo mkiwa mmevaa shati jeupe. Somo langu la kwanza la vitendo nililimaliza nikiwa nimelowa kifuani kama mtoto anayeota meno, na wanafunzi hawakuandika neno. Walikuwa wanacheka. Lakini wiki iliyofuata niliuliza swali, na mikono ikainuka.

Baada ya miaka mingi nikahamishiwa Baraka, chini, kwenye joto, pikipiki na ziwa. Kule Fizi watoto walijua mvua inaondoka. Huku walijua inafika. Wengi walikuwa wameona ziwa likipanda mpaka kwenye kuta za majirani, au mto ukiingia shambani bila kuomba njia. Nilifikiri hapa kufundisha maji kutakuwa rahisi. Niliwaza hivyo mara nyingi katika kazi yangu, na karibu kila mara nilikuwa naanza kuingia matatani.

Matata haya yalianza na wageni. Shirika moja la maji lilituletea vijana wawili wenye kompyuta, waje kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita wa sekondari kazi za sayansi ya ardhi. Walikuwa na modeli: mto uliotengenezwa kwa hesabu ndani ya mashine. Unaiuliza, mvua ikinyesha hivi huko mlimani, maji yatafika wapi? Nayo inakujibu kabla mvua haijanyesha. Jambo zuri kabisa. Kwa bahati mbaya jenereta ilikohoa kama mimi siku yangu ya kwanza, kisha ikazima. Wanafunzi wetu walikitazama kioo cheusi kwa adabu kubwa, na mwishoni wakapiga makofi. Wageni walipokuwa wakipakia vyombo vyao, mmoja aliniambia, "Prof, endelea na somo hili. Waambie vijana kuna watu ambao kazi yao ni kujua maji yanapita wapi, juu na chini ya ardhi." Nilikubali jinsi tunavyowakubalia wageni mambo yote: haraka.

Nikatangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na kipindi cha ziada kuhusu kazi za sayansi ya ardhi. Jumamosi ilipofika darasa lilijaa mpaka madirishani. Walikuja vijana wa shule nyingine, na wawili watatu ambao shule walikuwa wameiacha zamani. Nilisisimka. Nilijisemea, kumbe miaka yote hii Baraka ilikuwa na kiu ya elimu, na mimi ndiye mtungi. Nikafuta ubao kwa madaha. Ndipo kijana mmoja wa mwaka wa tano, Etiene, ambaye midomo yake haikujua kupumzika, alipotoa jiwe mfukoni.

"Prof, hii iko bei gani?"

Nyuma yake wengine wakaanza kutoa mawe yao. Mifuko yote ilikuwa na mawe. Katika eneo letu, mtu anayeijua ardhi anajua dhahabu; kazi nyingine ya kuijua ardhi hatujawahi kuiona. Barabara ya Lulimba, kwenye machimbo, iko pale, na kila ukoo una mtu wake aliyeifuata.

"Hatutasoma dhahabu," nikasema. "Tutasoma maji."

"Maji?" Etiene akauliza, kama mtu aliyeitwa harusini akakuta kaburi. "Maji si bamama banajua?"

Mtungi wa elimu ukabaki na wanafunzi wachache. Mmoja alikuwa Riziki wa mwaka wa sita, msichana mkimya mwenye kuuliza swali moja tu kwa kipindi, ila swali hilo lilikuondolea usingizi. Etiene naye alibaki, nadhani kwa kuvizia.

Kwa kuwa kompyuta hatukuwa nayo, tulitengeneza modeli yetu. Nilichukua mlango wa stoo uliokuwa umeng'oka, tukaulaza nyuma ya shule juu ya matofali, upande mmoja juu, mwingine chini. Tukautandika turubai na kuuzungushia mbao kama kingo. Juu tukajenga milima ya Fizi kwa udongo wa mfinyanzi. Bonde tukalijaza mchanga mnene wa ziwani. Chini kabisa tukaweka karai, nalo likawa Ziwa Tanganyika. Baraka ilikuwa viberiti vilivyopangwa kando ya karai. Maji yalitoka kwenye bidon, yaani dumu la njano, lililowekwa juu ya kiti, yakipita kwenye mpira wa waashi: nilivuta kwa mdomo, yakaja. Na kwa msitu wa milimani nilileta blanketi kuukuu la nyumbani, nikalitandika juu ya udongo, ili wanafunzi waone jinsi miti inavyoshika maji na kuyaachia polepole.

Kila Jumamosi tulifanya hesabu na kubahatisha: tukifyeka msitu nusu, viberiti vipi vitaondoka? Tukipanua mto? Riziki alibahatisha kwa sauti ndogo na kupatia. Mimi nilibahatisha kwa sauti kubwa. Jioni nililikunja blanketi lililolowa, nikalitia kwapani na kwenda nalo nyumbani, maana vitu vya shule vikilala nje huamka kwingine.

Mtu wa mbali hataona kosa lolote katika maelezo hayo. Mtu wa kwetu ameshaliona. Wachimbaji wa dhahabu huosha mchanga wao hivi: ubao uliolala mteremko, maji yanatiririka, na juu ya ubao blanketi. Mchanga hupita, na dhahabu, kwa uzito wake, hulala ndani ya manyoya ya blanketi. Mwisho wa kazi blanketi hufuliwa kwenye karai, na hufuliwa mbele ya wenye shimo wote. Ukilichukua ukalifua peke yako, wewe ni mwizi, hata kama hukupata punje.

Mimi nililibeba kwapani kila Jumamosi, nikikatisha sokoni.

Nililijua hilo mwisho kabisa. Kwanza niliona tu kwamba dunia imekuwa na huruma. Mama Zawadi, aliyeniuzia ndagala, samaki wale wadogo wa ziwani, kwa mkono mgumu miaka yote, akaanza kuongeza konzi bila kuombwa. Wenye pikipiki wakaniamkia kwa mbali. Nilifikiri ni kwa sababu ya sayansi. Nyumbani mke wangu akaanza kuzifua suruali zangu mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa, na mchanga wa kwenye mapindo kuuweka kando katika kikombe. Nilimwuliza anafanya nini. Akanijibu, "Nangoja uniambie. Mi njo bibi yako, si Mama Zawadi."

Kisha prefe wetu wa Baraka akaniita. Alifunga mlango wa ofisi, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

"Mwalimu, nilikuwa nangoja ukuye mwenyewe."

"Kwa habari gani, prefe?"

"Kiwanja iko ya shule. Mlango iko ya shule. Na mambo yenye kutoka juu ya mlango?"

Nilipoelewa nilicheka mpaka nikashika meza. Nikakataa, nikaapa, nikaeleza msitu, milima na viberiti. Alinisikiliza kwa upole, akatikisa kichwa. "Mwenye iko nayo njo anakatalaka wa kwanza," alisema.

Tangu hapo kila nilivyozidi kukana ndivyo nilivyozidi kutajirika. Asubuhi moja tulikuta watu wenye makoleo nyuma ya shule, wamekwisha kupimiana mipaka. Shefu wa mtaa alikuja kunipa pole kwa kazi nzito, akakaa muda mrefu. Nakiri kwamba kwa siku chache nilitembea polepole kidogo nikipita sokoni. Kuheshimiwa kwa dhahabu usiyokuwa nayo ni kuheshimiwa vilevile, na ndagala zilikuwa tamu.

Utamu ulikatika siku alipokuja Papa Alimasi, babake Riziki. Wengine wote walikuja kutafuta dhahabu. Yeye alikuja kwa kuichukia. Alisimama mlangoni pa darasa, kofia mkononi, mtu mpana mwenye mikono iliyochakaa.

"Prof, niko nakuya kukamata mutoto wangu."

"Papa Alimasi, karibu kwanza. Riziki yuko mwaka wa sita. Amebakiza mtihani wa Serikali tu."

"Nilienda Lulimba na mwana wangu wa kwanza, Dunia. Nikarudi peke yangu. Maji iliingia ndani ya shimo na yeye iko chini." Alisema bila kupandisha sauti. "Nilituma huyu ku masomo asijue mambo ya shimo. Na weye uko unamufundisha kuosha mchanga."

"Hakuna dhahabu hapa, papa. Nakuapia."

"Bale ba Lulimba nabo baliapaka."

Alimwambia binti yake akusanye vitu vyake. Riziki alikusanya. Mimi, ambaye nimelipwa maisha yangu yote ili nieleze mambo, sikuwa na maelezo yoyote ambayo mji mzima haukuwa umeyasikia na kuyageuza kuwa ushahidi. Mtu mmoja tu Baraka nzima alihitaji kuamini kwamba mimi ni maskini, na sikuweza kumthibitishia. Riziki alipofika mlangoni aligeuka na kuuliza swali lake moja.

"Prof, juu ya nini hatufue blanketi mbele yabo?"

Babake akamtazama. Kisha akanitazama mimi, na niliona kwamba hilo, na hilo tu, ndilo neno aliloweza kulipokea. "Fueni," alisema. "Jumamosi nitakuya. Nikiona kitu, hata punje, mutoto hatarudi tena hapa, na masomo imeisha."

Jumamosi walikuja wote. Prefe alivaa tai. Shefu wa mtaa alipewa kiti. Wenye makoleo walisimama duara, na mzee mmoja wao aliyekuwa na uzoefu alikagua mikono yangu na kunikunjia mikono ya shati mpaka juu, kama desturi inavyotaka. Mama Zawadi alikuja kulinda ndagala zake. Mke wangu alileta kile kikombe cha mchanga na kukimimina ndani ya karai bila kunitazama. Nikapiga magoti, nikalichovya blanketi, nikafua, nikaliweka kando. Sijawahi kufundisha darasa tulivu kama lile. Mzee akamwaga maji polepole, akazungusha karai, akamwaga tena, akazungusha. Vichwa vyote vikainama. Ndani ya karai, chini kabisa, kulibaki mchanga, kipande cha udongo wa mfinyanzi, na kifungo cha suruali yangu.

Mzee alikiinua kifungo, akakiangalia juani pande zote mbili, akanirudishia. "Huyu iko musafi," alitangaza.

"Masikini kabisa!" akasema mtu nyuma, na kicheko kikapasuka.

"Kumbe Prof uko njaa sawa siye!" Etiene akapiga kelele.

Mama Zawadi hakucheka. "Ndagala zangu, nani atanirudishia?" Prefe alilegeza tai na kuondoka bila kuaga. Shefu aliomba kuchukuliwa kwa pikipiki. Muda si muda nyuma ya shule tulibaki sisi wa kipindi cha Jumamosi, na Papa Alimasi, ambaye alikuwa hajasogea.

Alikuwa anauangalia mlango. "Sasa, kama si dhahabu," alisema, "muko munafanya nini hapa?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi, sehemu tatu na methali. Lakini nilitaka maji yaje kwanza, kwa hiyo nilikuwa nimeanza kuvuta mpira, na povu likakataa kutoka. Ningependa kuwaambia kwamba nilinyamaza kwa busara. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na mpira mdomoni.

Basi alieleza Riziki. Blanketi lilikuwa bado kando, limelowa, na milima ilikuwa uchi. Maji yalipokuja yalichimba udongo na kufagia viberiti vya Baraka. Akalikamua blanketi, akalitandika, akajenga mji upya. Maji yakaja polepole, na viberiti vikasimama. Kisha akafunga mpira, akangoja mpaka juu pakauke kabisa.

"Papa, hapa sasa iko kiangazi," alisema.

Papa Alimasi aliinama juu ya bonde. Mchanga ulionekana mkavu. Alinyoosha kidole chake kinene, akakididimiza katikati ya bonde, kama mtu anayeonyesha nyumba yake kwenye ramani. "Siye tulichimba hapa," alisema. Akakitoa kidole.

Kishimo kilikuwa kitupu. Kisha maji yakaanza kuingia. Hayakutoka juu, hakuna aliyekuwa amemimina kitu. Yalitoka kwenye kuta za mchanga, pande zote, kimya. Yakapanda. Kuta zikalainika, zikashuka, na kishimo kikajifunga.

Wote waliinama kutazama. Hata Etiene.

"Ilikuwa kiangazi," Papa Alimasi alisema hatimaye. "Mvua haikukuwa hata moja. Batu balisema: maji ya kiangazi, muntu njo aliituma kwa uchawi. Na mimi nilisema vile. Mpaka leo siongeake na ndugu yangu."

"Hakuna muntu aliituma, papa," Riziki alisema. "Iko chini siku yote. Inatokaka huko kwa milima, inapita ndani ya mchanga. Ukichimba chini yake, inakuya."

"Kuko batu benye kujua hii mbele ya kuchimba?"

"Kuko. Banaisomeaka."

"Rudia."

Akarudia. Babake alididimiza kidole mahali pengine, juu zaidi, karibu na mlima, na kishimo kikabaki kikavu. Akasogea chini kidogo, kikajaa. "Rudia," alisema. Riziki alifungua mpira, akafunga, akangoja. Babake akatafuta kwa kidole, shimo baada ya shimo, mstari ambao juu yake mtu anabaki mzima. Waliendelea hivyo mpaka bidon likaisha.

Riziki alilichukua bidon aende bombani. Kwetu maji ni ya wanawake na watoto. Mwanamume mzima hutuma. Papa Alimasi alimpokonya bidon, akaliweka begani, akatoka nalo njiani. Tulisikia mpaka huku jinsi wanawake wa bombani walivyompokea.

"Papa Alimasi! Bibi yako amekukimbia?"

"Alinituma," alijibu, na wanawake wakaangua kicheko.

Alirudi amelowa bega zima. Alilitua bidon juu ya kiti, akapangusa shingo kwa kofia yake, akaniuliza mtihani wa Serikali uko mwezi gani. Nilikuwa nimeutoa mpira mdomoni wakati huo, kwa hiyo nilimwambia.

"Sawa," alisema. "Mpaka ile mwezi, maji ya nyumba nitachota mimi. Yeye asome."